Uji Ndani ya Rejeta

Mlabani, Ifakara
11 Machi 1996

Mwanangu Wendelin,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini hujambo, na kazi ya gereji huko Mbeya inakwenda. Sisi huku ni wazima, ila mvua imetushika kweli kweli, njia ya kwenda kisimani imekuwa tope tupu. Mpunga wa Mofu umesimama vizuri na ndege wameuona kabla yetu. Mdogo wako Oliva yuko huko shambani anaamia ndege, sauti yote imemwisha. Mama yako anasumbuliwa na mgongo lakini ukimwambia apumzike anakuuliza nani atatwanga.

Bibi yako tumemzika salama. Amelala Mahenge alikotaka, ubavuni kwa babu yako. Kwamba hukufika sikulaumu, maana simu ya maandishi uliyotumiwa iliondoka posta huku sisi tumeshachimba kaburi.

Sasa nisikilize. Baba yako, kaka yangu, hajui kwamba naandika, na ukimwandikia yeye usinitaje. Gari ulilomletea linachemsha. Siku ile ya msiba tuliliweka jeneza ndani, sisi wanawake tukakaa pembeni yake, kaka akashika usukani mwenyewe. Mpaka kivukoni hakuna shida. Tukavuka, tukafika Lupiro, bado tunaimba. Tulipoanza kupanda mlima wa Mahenge kaka akaanza kujiinua kwenye kiti kama mtu aliyekalia jiko, si unajua injini yenyewe iko chini ya makalio ya dereva. Mara mvuke ukatoka kila tundu. Tukashuka sote mbio. Mama yetu akabaki ndani peke yake, na maji yanatokota chini yake. Wendelin, sijawahi kuona aibu ya namna ile. Mwisho lilipita lori la mbao, wakatusaidia, na mama akamaliza safari juu ya mbao za watu.

Unamjua mtani wetu Nikodemu. Makaburini alijilaza njiani, akawa anatoa mvuke mdomoni, psss, psss, anaomba maji, anasema hapandi mlima mpaka apoe. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Na mtani hanuniwi, kwa hiyo kaka naye alicheka. Alicheka kwa meno tu. Tangu siku hiyo gari limefunikwa turubai, na ukimuuliza anasema limechoka. Fundi hataki kumwita. Jumuiya ya sala, ambayo yeye ndiye mwenyekiti, sasa anaikwepa, kila wiki ana dharura.

Wewe ndiye fundi, na gari umelileta wewe, kwa honi, mtaa mzima tukatoka nje. Niambie lina ugonjwa gani.

Mimi shangazi yako,
Balbina


Mbeya
9 Aprili 1996

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Milele amina. Barua yako imenifikia juzi, ilikaa posta kwa sababu sikuwa nimekwenda kuangalia sanduku. Mimi sijambo, mke wangu Eveline hajambo, watoto wamekohoa kidogo wakapona. Huku baridi imeanza kuchungulia. Poleni sana kwa msiba. Bibi nilimlilia peke yangu nyuma ya gereji.

Kuhusu gari, kuchemsha ni dalili, siyo ugonjwa. Ni kama homa, lazima utafute inakotoka. Fanya hivi, taratibu, na gari likiwa limepoa kabisa. Usimruhusu mtu yeyote kufungua kifuniko cha rejeta gari likiwa la moto, atababuka uso.

Kwanza angalia mkanda wa feni. Ubonyeze kwa kidole katikati, ukilegea sana feni haizunguki inavyotakiwa. Pili chomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ikiwa nyeusi ni sawa. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, basi maji yameingia, na hiyo ni gasketi ya silinda hedi, kazi kubwa. Tatu angalia mipira ya maji kama imepasuka. Nne, washa gari liungurume mpaka lipate moto, halafu mtu aguse mpira wa juu wa rejeta na mpira wa chini. Kama wote ni wa moto, maji yanatembea. Kama wa juu unaunguza na wa chini ni wa baridi, maji hayapiti. Hapo yawezekana themostati, kile kidude cha kuyafungulia maji njia, imeganda. Mwambie fundi aitoe, awashe bila hiyo, apime tena.

Wala msiimwagie maji ya baridi injini ikiwa imechemka, hedi itapasuka.

Baba msimsumbue kwa maswali. Ni mtu mzima na gari ni la zamani, ndiyo hivyo magari yalivyo. Nikipata nafasi nitakuja, kwa sasa kazi zimebana.

Wako mtiifu,
Wendelin


Mlabani, Ifakara
2 Mei 1996

Mwanangu Wendelin,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Mgongo wa mama yako ni ule ule. Oliva amerudi kutoka Mofu mweusi tii, na samaki wakavu kapu zima, ningekutumia kama ungekuwa na adabu ya kuja kuwachukua.

Nimefanya yote uliyoandika. Nilimwita Telesphory, yule fundi wa karibu na sokoni, kaka akiwa ameenda kuangalia mpunga. Mkanda wa feni umekaza. Oili nyeusi kama sufuria ya msibani, nikashukuru Mungu. Mipira ni mizima. Tukawasha. Mimi mwenyewe nikagusa mpira wa juu, nikaruka, kidole mpaka leo kina malengelenge. Wa chini baridi, kama shingo ya mtungi. Telesphory akatoa themostati yako, akawasha tena. Ikawa vile vile, juu moto, chini baridi.

Akasema basi, ni rejeta yenyewe. Tukangoja ipoe, akafungua koki ya chini. Hakikutoka kitu. Akachokonoa kwa waya. Wendelin, ukatoka uji. Nakuambia uji, mzito, wa kahawia, na ndani yake pumba za mpunga zimeiva, zimevimba. Ungeweka sukari ungenyweka. Telesphory alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema, "Mama, hii gari mmeilisha kama nguruwe!" Na kwa bahati yetu mbaya Nikodemu alikuwa anapita na baiskeli. Mdomo wa mtani una kufuli? Ilipofika jioni mtaa wote unajua kwamba kaka Kelestini anapikia uji kwenye rejeta. Sasa anaitwa Mzee Uji. Watoto wa shule wanamwita hivyo kutoka nyuma ya ua.

Kaka aliporudi alikuta beseni limejaa ule uji hapo uani. Aliliangalia. Nikamwuliza, "Kaka, nani ametia vitu hivi?" Akachukua jembe lake akaenda nyuma ya nyumba, na nyuma ya nyumba hakuna shamba.

Watu wanasema mwana amemletea baba mali, baba kwa ushamba wake ameiua. Wanasema hata mbele ya mama yako. Na kaka hajibu. Ananiumiza moyo, Wendelin. Mtu aliyekuwa anasimama mbele ya watu akasoma somo kwa sauti, sasa anakwenda misa ya kwanza ili asikutane na wengi, anakaa benchi la mwisho, anatoka kabla ya matangazo.

Niambie tufanye nini na rejeta.

Shangazi yako,
Balbina


Mbeya
27 Mei 1996

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima. Nimesikitika kusikia hayo.

Pumba hufanya hivyo. Rejeta ikivuja watu wasio na ujuzi hutia pumba au unga ili kuziba tundu. Kwa muda mfupi inasaidia, kwa sababu pumba zinavimba na kukaa penye tundu. Baadaye zinaziba na vile vijia vidogo vya maji, na gari likibeba mzigo au likipanda mlima haliwezi kupoa.

Telesphory aishushe rejeta, aiweke kichwa chini, apitishe maji kwa nguvu kutokea chini kwenda juu. Kama haikufunguka, ayeyushe risasi ya kulehemu afungue tangi la juu, apitishe waya mwembamba kwenye kila kijia, halafu alifunge tena na kuziba panapovuja. Ni kazi ya kawaida.

Msalimie mama. Msalimie na baba.

Wako,
Wendelin


Mlabani, Ifakara
14 Juni 1996

Wendelin,

Hatujambo. Mavuno yamekuwa mazuri. Mengine utayasikia ukija.

Barua yako nilimsomea mama yako, nilipofika kwenye "watu wasio na ujuzi" nikasimama. Nikarudi nikachukua ile ya kwanza. Umeniuliza mkanda, umeniuliza oili na rangi zake zote, umeniuliza mipira ya juu na ya chini. Maji hukuniuliza. Mtu anakuambia gari lake linachemsha, wewe fundi, hutaki kujua maji yake yana hali gani? Mimi ni mpika vitumbua, lakini mtu akilalamika chai ni chungu, kitu cha kwanza nachungulia ndani ya birika.

Nikamfuata kaka. Nikamkalia hapo hapo alipokuwa anapepeta. Nikasema leo siondoki. "Nani alikufundisha kulisha gari pumba?" Akapepeta, akapepeta. Mwisho akasema, "Aliyenipa gari."

Mengine nimeyapata kwa mama yako, ambaye alikuwa anajua siku zote, na ambaye naye kaka amemfunga mdomo. Kwamba rejeta ilikuwa inavuja tangu unalileta. Kwamba Kidatu ulisimama kwenye mashine ya kukoboa mpunga, ukaomba pumba, ukatia, ili ufike hapa mtaani bila kudondosha maji na honi yako ilie vizuri. Kwamba ulimwambia baba yako, likidondosha, tia konzi moja ya pumba, nikija mara nyingine nitaleta rejeta nzima. Mara nyingine haikufika. Yeye akatia konzi, na konzi, kwa imani, kila lilipodondosha, kama mtu anayemeza dawa za daktari.

Na wewe unaniandikia "watu wasio na ujuzi". Ulimaanisha nani, mwanangu? Niambie jina.

Mimi sijamwambia mtu. Kaka ameniapisha. Anasema, "Mtoto ana gereji, ana watu wanaomwamini. Mimi nina nini cha kuharibika?" Naandika kwa hasira, na nusu ya hasira ni kwamba nakupenda.

Wanamwita Mzee Uji, Wendelin. Mpaka na mimi kuna siku nimecheka.

Balbina


Mbeya
20 Agosti 1996

Shangazi,

Shikamoo. Nimempa mhudumu mmoja wa treni rejeta, siyo mpya lakini ni nzima, nimeijaza maji na kuipima mwenyewe. Iko ndani ya gunia lenye jina la baba. Telesphory asisahau themostati mpya, nimeifunga kwa kitambaa humo humo. Wajaze maji taratibu, kifuniko kikiwa wazi, mpaka mapovu ya hewa yaishe.

Eveline na watoto wanawasalimu.

Wendelin


Mlabani, Ifakara
8 Septemba 1996

Mwanangu,

Gunia limefika. Telesphory amefunga, tumelijaribu mpaka Mofu na kurudi tukiwa na magunia ya mpunga, halikuchemsha hata kidogo, mipira yote miwili ya moto. Mafundi wanakusifu. Nikodemu mwenyewe amesema, "Mtoto wa Mzee Uji ni fundi, tatizo ni Mzee Uji." Kwa hiyo unaona ulichotengeneza.

Kaka haliendeshi. Amempa kijana wa jirani ndiye anayeshika usukani. Jumuiya imechagua mwenyekiti mwingine, kwa upole, wakisema apumzike.

Mimi naondoka wiki ijayo kwenda Uchindile, binti yangu Stumai anakaribia kujifungua na mume wake anafanya kazi kwenye shamba la miti, hashindi nyumbani. Nitakaa huko mpaka mtoto apate nguvu. Kwa hiyo hapa hatabaki mtu wa kukuandikia, maana kaka hataandika na mama yako hatathubutu.

Gunia lilishushwa hapa stesheni. Na mtu anashuka hapo hapo.

Shangazi yako anayekuombea,
Balbina


Ndani ya treni, baada ya Mlimba
21 Oktoba 1996

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Hongera kwa mjukuu, mama ameniambia ni wa kike na kwamba mmempa jina la bibi. Mama hajambo, mgongo nimemkandia kwa maji ya moto siku zote nilizokaa. Oliva ameposwa, atakueleza mwenyewe. Samahani kwa mwandiko, behewa linatikisika.

Nilikwenda. Sikumwandikia mtu. Baba alinikuta nimekaa mlangoni akasema, "Umekonda," akaniletea maji ya kunywa kwa mkono wake mwenyewe. Habari ya gari hakuigusa, nami sikuigusa. Tulikaa hivyo tukizungumza mvua.

Jumuiya ilikuwa kwa Mama Serafina. Nilimwomba baba twende. Alikataa, nikamwomba tena, nikamwambia nimetoka Mbeya kwa ajili hiyo, akavaa koti. Watu walijaa uani. Nikodemu alikuwepo, akampisha baba kwenye mkeka huku anapuliza kama anayepoza kikombe, watu wakacheka kidogo, baba akacheka. Nilikiona kile kicheko cha meno ulichoniandikia. Shangazi, kukisoma na kukiona ni vitu viwili.

Baada ya sala niliomba nafasi. Nikasimama. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu Makambako. Nikasema gari lile nililileta likiwa bovu, nikijua. Nikasema pumba za kwanza nilizitia mimi, Kidatu, na mzee nilimwelekeza mimi, kwa hiyo jina mnalomwita ni langu.

Nikasikia baba anajikongoja kusimama nyuma yangu. Akasema, "Kaa chini, Wendelin." Nami nikakaa. Nina watoto, nina vijana wa gereji wanaoniita mzee, na nikakaa, kwa sababu ni baba yangu aliyesema mbele ya watu.

Akasema, "Mnamwona kijana huyu? Ametoka mbali kuja kuifunika aibu yangu. Hakunielekeza kitu. Aliniambia nisitie chochote ila maji safi, mimi nikaona najua zaidi. Uji niliupika mwenyewe. Msameheni, anasema hivyo kwa heshima tu."

Shangazi, wakapiga makofi. Wanawake wakapiga vigelegele. Mama Serafina akanishika kichwa akanibariki, akasema laiti watoto wa siku hizi wangekuwa hivi, mtoto anayebeba aibu ya baba yake. Nikasema, "Hapana, mama, ni kweli." Wakazidi kusifu. Kila nilivyokana nilizidi kuwa mtoto mwema. Mama yangu alikuwa ameinama, anachora chini kwa kidole. Nikodemu peke yake hakupiga makofi. Aliniangalia mimi, akamwangalia baba, halafu akatazama pembeni, na tangu hapo sikumsikia akitania.

Njiani kurudi nilimwuliza baba kwa nini. Nilikuwa nalia waziwazi barabarani, watu wanapita. Akasema, "Kuna wanaoagiza gari kwako kutoka hapa hapa Ifakara. Wakijua ulimletea baba yako kitu kibovu, wao watategemea nini? Mimi wameshanizoea." Nikamwambia sitaki. Akasema, "Hukuulizwa." Halafu akaniuliza kama nina njaa.

Asubuhi kabla ya treni alisisitiza kunipeleka stesheni kwa gari, akiendesha yeye. Hapakuwa na mlima wala mzigo, lakini kila mara alikuwa anapeleka kiganja chini ya kiti chake kusikiliza joto. Hakujua kama namwona. Tulipofika alizima injini, akasema, "Umeitengeneza vizuri. Asante, mwanangu."

Asante, shangazi. Ameniambia asante.

Jumuiya wamenifungia mchele, kuku wawili na asali ya kumpelekea Eveline, zawadi ya mtoto mwema. Viko chini ya kiti, kuku wanapiga kelele na abiria wananiuliza nimetoka harusini. Sijui nitamwambia nini Eveline.

Wanasema Uchindile inafuata. Nitampa barua hii mmoja wa akina mama wanaouza ndizi chini ya dirisha, nitampa na kuku hawa na asali, akuletee wewe na Stumai. Ningeweza kushuka nikakusalimu, nikambeba mtoto, nikapanda treni nyingine. Najua ungenipokea, na ndiyo maana sitashuka.

Wendelin